Gari Langu la Viti Viwili

Kosa lilikuwa langu. Simsingizii shetani, wala wazazi wangu walionifunza mila. Nilichagua mwenyewe, nikiwa na akili timamu, Biblia ikiwa pale pale mezani.

Mimi ni mzee wa kanisa, upande wa Magwagwa. Wakati wa vita nilikuwa dereva jeshini, nikarudi mzima, namshukuru Mungu. Baadaye nikapata chesi, yaani fremu ya chini, na injini ya gari lililopinduka, nikaazimia kujiundia gari nyumbani. Bodi ningeiagiza Uingereza, ije vipande vipande kwenye kreti, niifunge mwenyewe.

Karatasi ya matangazo ilikuwa na picha mbili. Moja ni ya gari lenye kiti cha nyuma, limekaa kama sanduku la mikate. Ya pili ni ya gari la viti viwili, jembamba, jekundu. Zuri ajabu!

Mke wangu akatazama. "Baba Ombati, kwa hili jekundu sisi wengine tutakaa wapi? Juu, kama kuku wa sokoni?"

"Mungu aliumba wawili tu, Adamu na Hawa."

"Kwani Hawa hakuzaa?"

Nilicheka sana. Nikaagiza jekundu.

Lilipokamilika, watu walitoka hata Kebirigo kuja kulitazama. Nilijiona mtu!

Kisha ikafika asubuhi ya uchungu wa Moraa, mke wa mwanangu Ombati. Mkunga akatoka nje akijipangusa mikono. "Hili si langu. Mpelekeni hospitali Kisii, upesi!"

Ombati alikuwa kazini Kericho. Aliyejua kuendesha gari pale nyumbani ni mimi peke yangu.

Nanyi mnaijua chinsoni, ile heshima yetu: mzee hamgusi mke wa mwanawe, wala hakai karibu naye. Na ndani ya gari langu, bega la abiria linalalia bega la dereva.

Majirani walikuwa wamejaa uani. "Tungoje lori la dukani," nikasema.

"Mpeleke!" mke wangu akapiga kelele. "Unangoja nini?"

"Nitakaaje naye bega kwa bega? Watu watasemaje?"

Moraa alikuwa ameegemea mlango. Hakuwahi kuniinulia macho tangu aolewe. Siku ile aliyainua.

"Baba, nipeleke."

Nikatazama chini. Ufunguo ulikuwa mkononi mwangu.

Lori lilikuja jioni. Mtoto alizaliwa njiani, hakulia. Moraa alipona, ila daktari alisema hatazaa tena.

Kila asubuhi namshukuru Mungu kwa uhai wa Moraa. Mdomo unasema, ndani kumenyamaza. Sijatoa chozi hadi leo. Kanisani wanasema hiyo ni imani. Ole wangu!

Hakuna aliyenilaumu. Hakuna hata mmoja! Wazee walisema nilitunza heshima. Ombati hakuniuliza neno. Moraa ananisalimu kwa mbali, macho chini, kama inavyotakiwa. Gari liko chini ya kibanda, kuku wanatagia kwenye kiti cha kushoto. Mke wangu anakusanya mayai.

Ndugu yangu unayetaka kujiundia gari, chagua lenye kiti cha nyuma, hata kama sura yake ni ya sanduku. Na ukiwa umeshakosea kuchagua kama mimi, basi fungua mlango, umwambie aingie.