Kajuju na Ukurasa wa Salamu

Mwaka wa 1999 mjini Nyeri, ukitaka kutuma barua pepe ulipanda ngazi hadi chumba cha kompyuta juu ya duka moja la mbegu, ukamwona Kajuju. Alikuwa mwanamke wa Meru mwenye kicheko kikubwa, aliyesomea kompyuta Nairobi kisha akaajiriwa na Kihara, mwenye chumba kile, atunze mashine zake. Wateja walimpenda kwa sababu hakumcheka mtu aliyetafuta herufi kwa kidole kimoja.

Asubuhi moja Theuri, mwalimu wa shule ya Wamagana, nje ya mji, aliingia akaenda moja kwa moja kwa Kajuju. Mkuu wake wa shule alikuwa amepata matusi kwa barua pepe, tena kwa jina la Theuri.

"Mimi sijaandika hiyo kitu, Kajuju. Na sasa kazi inaenda."

"Nakuamini. Keti kwanza. Mara ya mwisho ulifungua nini hapa?"

Theuri alikumbuka ukurasa wa salamu, katika tovuti ileile iliyowapa watu anwani za barua pepe. Yeyote aliweza kuandika hapo na kuwasalimu jamaa walioko ng'ambo. Alipoufungua, kisanduku kilitokea kikimtaka aandike upya neno lake la siri. Akaliandika.

Kajuju alifungua maandishi ya ndani ya ukurasa ule, akayasoma pole pole. Katikati ya salamu, mtu alikuwa amechomeka amri za kompyuta. Brauza, ile programu ya kusomea kurasa, ilizitii ikidhani zimetoka kwa wenye tovuti, na neno la siri likaenda kwa mwizi, aliyelitumia kuandika matusi kwa jina la Theuri.

Alimbadilishia Theuri neno la siri, akawapigia simu wenye tovuti, kisha akapita mashine moja moja akizima uwezo wa brauza kutii amri kama hizo. Kufikia mchana wateja walikuwa wananung'unika.

"Umefanya nini?" Kihara akauliza. "Ati kurasa zingine hazifunguki! Na hao watu wa tovuti si ni waaminifu?"

"Ni waaminifu, mzee. Lakini fikiria kanisani, mtu achomeke karatasi yake kati ya matangazo ya katibu: 'Kila mtu alete funguo za nyumba hapa mbele.' Si watu wataleta? Wamesikia imesomwa madhabahuni."

Wateja kadhaa walihama, lakini Kihara hakumwambia arudishe uwezo aliouzima.

Jumamosi Kajuju alikwenda Wamagana bila kuitwa, akamweleza mkuu wa shule, Bi. Murugi, yote yaliyotokea.

"Kwa hivyo kompyuta ilinidanganya?"

"Ilidanganywa, mwalimu. Hata Theuri alidanganywa."

Bi. Murugi alimwita Theuri ofisini, akampa mkono. Theuri alitoka nje akafuta macho.

Wenye tovuti walichelewa, na Kajuju akazidi kuwapigia mpaka wakarekebisha ukurasa: sasa chochote alichoandika mgeni kilionekana kama maneno tu. Baadaye alizunguka Karatina, Nanyuki hadi Embu, akiwaonyesha wenzake wa vyumba vya kompyuta namna ya kulinda mashine zao.

"Hawa si washindani wa Kihara?" mtu alimuuliza kule Embu.

"Mama anayeandikia mtoto wake hajali chumba ni cha nani," alijibu, akavuta kiti karibu na mashine iliyofuata.