Mbuzi wa Mchezo

Msichana anayelitungia darasa lake michezo ya kuigiza haketi wakati wa mazoezi. Huzunguka juu ya mawe meusi ya uwanja, vidole vikifunga na kufungua kamba ya sweta yake, na kwa sauti ya chini hurudia yale yale: "Tuanze tena. Vita imefika, sawa, lakini fungulia kwanza mbuzi, isikufe na njaa." Mbuzi hayupo. Wenzake hucheka, kisha hutii.

Siku ya kuonyesha, ngoma ilipolia mfano wa bunduki, aliyeigiza mama alikimbia moja kwa moja, bila kumfungulia mbuzi. Mtungaji akatoka nyuma ya pazia, akapiga magoti mbele ya wazazi wote, akalegeza kwa meno fundo lisiloonekana. Watu wakaangua kicheko. Mama mmoja wa kambi ya wakimbizi hakucheka.

"Yangu," alisema, "niliiachaka na kamba mu shingo."