Nilimvua mbwa wa Mama kengele tukiwa mapumzikoni kando ya Ziwa Kivu

Wakuu, salamu kutoka Bukavu. Mwenye kazi amalize kazi kwanza, uzi utamngoja. Haya yalinikuta mimi mwenyewe, na Mama yupo chumba cha pili hapa. Nikitia chumvi atanisuta.

Kidogo kunihusu. Nina miaka arobaini na sita. Nilipomaliza sekondari nilipanda boti ya Goma, nikamwambia Mama narudi baada ya wiki mbili.

Sikurudi. Kindu, Uvira, Bujumbura, Luhwindja kwenye dhahabu, kisha Uvira tena. Miguu yangu haijui kukaa. Nyumbani nilikuwa naonekana Krismasi moja, naruka tatu.

Mwaka jana dada yangu akanipigia: macho ya Mama yamekwisha. Anaona mwanga na kivuli, basi. Nikarudi kwetu Nyantende, nje kidogo ya mji.

Nikamkuta na Bijou.

Bijou ni mbwa jike mwekundu, mkia umejikunja, wa uzao wa mbwa wa mawindo wa Baba. Wakuu wa pwani labda hamuwajui: hawabweki. Ndiyo maana wawindaji wa kwetu huwafunga kengele shingoni, wajue mbwa yuko wapi ndani ya majani marefu. Baba alishafariki zamani, lakini kengele yake ya chuma bado ilikuwa shingoni mwa Bijou. Kli, kli, kli, nyumba nzima, kutwa.

Nilidhani Mama ameiacha kwa ajili ya kumkumbuka Baba tu. Shikeni hapo.

Dada akashauri nimpeleke Mama apumzike siku tatu kando ya ziwa, apate hewa. Mama akagoma.

"Nilale mu nyumba ya watu, imbwa yangu ibakie na nani?"

Nikatafuta kwenye simu, nikapata lodge moja mashambani, mwendo wa saa moja na kitu kutoka mjini. Tangazo lilisema wanyama wanakaribishwa. Nikashukuru Mungu.

Tulipofika, nikatazama huku na huku. Bustani nzuri, maua, mikaratusi, lakini yote inateremka kwa ngazi za mawe hadi majini. Juu ya ufukwe kuna ukuta, upande wa bustani umelingana na majani, upande wa chini ni urefu wa watu wawili na miamba. Hakuna chuma cha kushikilia. Wao wanaona mandhari. Mimi nilimwona Mama pale pembeni.

Nikaomba chumba cha mbali kabisa na maji. Siku ya kwanza sikumwachia mkono hata akienda kunawa, hadi akaniuliza, "Weye uko polisi?"

Siku ya pili, baada ya chakula, Mama amelala, dada wa mapokezi akanifuata, ananiita tonton, yaani mjomba.

"Tonton, samahani. Ba client ba chumba ya jirani banalalamika. Ile kengele ya imbwa."

"Si mliandika wanyama wanakaribishwa?"

"Wanyama ndiyo, tonton. Misa hapana."

Nikaona aibu. Mtu wa kijijini kuja kusumbua watu wa mjini waliokuja kupumzika! Nikaingia polepole, nikafungua kamba shingoni mwa Bijou, nikaziba kengele kwa majani kama Baba alivyokuwa akifanya njiani, kabla hawajafika msituni, ili isilie. Nikaitia mfukoni.

Sikumwamsha Mama kumwambia. Niliona ni jambo dogo.

Kisha nikateremka kwenye daraja la mbao la boti, dakika tano tu. Boti ya Goma ilikuwa inapita mbali, nyeupe. Wakuu, mimi nikiona boti akili yangu inapanda. Nikaanza kukumbuka vijana tuliosafiri nao, begi langu la kitambaa, Mama amesimama gatini na kitenge cha kijani.

Dakika tano zikawa arobaini.

Niliporudi, mlango wa chumba ulikuwa wazi. Kitanda kitupu. Fimbo ya Mama chini. Bijou hayupo.

Nikaangalia chooni, nyuma ya nyumba, kwenye maegesho. Mapokezi hawakumwona. Nikaita kuelekea barabarani, nikaita kuelekea mashambani. Kila nikitazama maji yalikuwa yametulia, na huko kutulia ndiko kulikonitisha.

Nikakimbia chini kwenye daraja, nikachungulia majini. Ndiyo, nilichungulia. Sitaki kusema nilikuwa natafuta nini.

Hapo alikuwepo mtunza bustani, Muzee Cishugi, anachota maji ya maua. Nikamweleza haraka haraka: mama yangu haoni, amepotea, na mbwa wake amepotea, na mbwa mwenyewe habweki.

"Kengele yake?"

Nikaitoa mfukoni. Akanitazama kama anayemtazama mtu aliyeshika bunduki vibaya.

"Sasa imbwa utaisikia na nini? Piga!"

Nikachomoa majani kwa kidole. Nikapiga. Kli, kli, kli. Nilifikiri Bijou atakuja, na alipo Bijou ndipo alipo Mama.

Hakuja Bijou. Alikuja Mama.

Alitokea juu kati ya maua, peku, mikono mbele, uso umeelekea kwenye kengele. Alikuwa anakuja moja kwa moja kwangu. Hakufuata njia wala ngazi. Alikuwa anafuata sauti, na kati yangu na yeye kulikuwa na ule ukuta.

Hapo ndipo nilipoelewa. Kengele haikuwa kumbukumbu ya Baba. Ilikuwa macho ya Mama. Mwaka mzima alikuwa akitembea nyuma ya mlio ule, kisimani, kanisani, jikoni, nami nilikuwa nimeuziba kwa majani.

"Mama, simama!"

Kengele na umbali vikameza maneno. Alichosikia ni mtoto wake anapiga kelele. Akaongeza mwendo.

"Wachana na kelele!" Muzee Cishugi akanisukuma. "Muvute na kengele! Enda kule ku njia ya mikokoteni!"

Njia ya mikokoteni ilikuwa mkono wa kushoto, inapanda taratibu bila ngazi. Nikakimbia huko juu ya mawe huku napiga. Macho yangu yote yalikuwa kwenye miguu yake. Hatua tatu kutoka ukingoni. Mbili.

Akasita. Akageuza kichwa. Kisha mwili. Akaanza kufuata mlio, sambamba na ukuta, kitenge kikigusa majani ya ukingoni. Sikuthubutu kunyamaza wala kuita. Nilipiga tu.

Ukuta ukaisha. Akaingia njiani.

Nikapiga magoti pale pale kwenye vumbi, kengele mkononi, hadi akanifikia. Akainama kama anavyofanya kila siku, akashusha mkono kumpapasa Bijou kichwani.

Akakuta kichwa changu.

Akakipapasa. Masikio, kipara, ndevu.

"Njo weye, mutoto yangu?"

"Njo mimi, Mama."

"Imbwa iko wapi?"

Nikamshika mkono, nalia. Bijou alitokea jikoni baadaye kidogo, analamba midomo. Mpishi alikuwa akimlisha sambaza, wale samaki wadogo wetu. Bijou alitoka chumbani kimya, Mama akaamka asisikie kitu, akaenda kumtafuta. Hivyo tu.

Nilimweleza Mama yote pale njiani. Hakunikaripia. Aliichukua kengele, akaipima mkononi, akacheka kidogo.

"Hii ningekufungiaka weye, siku ile ya boti. Ningejuaka uko wapi."

Muzee Cishugi, aliyekuwa amenifuata, akajifanya anatazama maua yake.

Somo langu, wakuu: kitu cha mtu usichojua kazi yake, uliza kabla hujakiondoa. Hasa cha mzazi. Bijou alivalishwa kengele saa ile ile, na majirani wa chumba nikawaomba radhi mwenyewe.

Siku hizi nikitoka, hata kwenda Nyawera sokoni tu, namwambia Mama naenda wapi na narudi saa ngapi. Na narudi.

Wenye wazazi wasioona, ninyi mnawasaidiaje wakiwa ugenini? Nifundisheni, maana Mama ameshaanza kuuliza tutaenda tena lini.