Risten Aliyeomba Mbu Waje

Kila mtu katika milima ile ya kaskazini ya mbali, wanakofuga kulungu wa theluji, huwalaani mbu. Kiangazi kile Risten aliwaombea waje.

Asubuhi alikuwa akiamka, anatoa mkono mtupu nje ya hema, anangoja ung'atwe. Upepo baridi, manyunyu, basi. Anaurudisha mkono ndani, anasonya, anawasha moto wa kahawa.

"Hata mmoja, shangazi?" Ánte, mtoto wa kaka yake, aliuliza bila kutoa kichwa kwenye mfuko wa kulalia.

"Hata wa dawa."

Kulungu hao, ingawa wana wenyewe, huzurura huru kiangazi kizima na hawaji kwa kuitwa. Wanaletwa na mbu. Jua likichoma na upepo ukilala, mbu hupanda kutoka kwenye mabwawa kama moshi, na nyuma yao wale inzi wanaotaga mayai mgongoni na puani, hadi mnyama hapati nafasi ya kumeza. Hapo kulungu huacha majani matamu ya bondeni, akapanda mbio mpaka kwenye mabaka ya theluji yaliyobaki juu, ambako kuna ubaridi na inzi hawapapendi. Husimama humo wamebanana, njaa inawauma, vichwa chini. Ndipo watu huwazungushia ua na kukata alama ya mwenye mali kwenye masikio ya ndama. Mbu wasipokuja, kulungu ana haja gani ya kupanda? Huyu anabaki kichaka hiki, yule kichaka kile, wanakula na kunenepa, na binadamu anakaa juu akitetemeka kando ya ua mtupu.

Miezi ya baridi Risten huendesha basi la shule, na watoto wanamwogopa kidogo kwa sababu hangoji mtu. Kungoja ndiko kulikomshinda tangu utotoni. Mwaka huo alikuwa na sababu ya ziada. Katika kundi lake dogo alikuwamo Muzet, kulungu jike mweusi aliyeachiwa na marehemu mama yake, wa mwisho wa ukoo ule. Ndama wake wa mwaka juzi aliliwa na tai. Wa mwaka jana akapotea tu. Muzet alishazeeka, hakukuwa na matumaini ya mwingine. Lakini theluji ilipoanza kulainika, Risten alimwona ana ndama mwenye mdomo mweupe, anaruka ruka. Sasa ndama asiye na alama, akishaachana na mama yake wakati wa vuli, ni wa kila mtu, maana yake si wako. Hapo huwezi kumwambia yeyote kwamba ni damu ya Muzet.

Kiunoni Risten alifunga uzi wa kutungia vipande vya masikio vinavyokatwa, kama wanavyofanya wote ili wajue wameweka alama ndama wangapi. Uzi ulining'inia mtupu. Aliushikashika mpaka ukawa mweusi.

Ánte alikuwa na droni. Akasema ataishusha bondeni, iwapigie kelele kulungu mpaka wapande wenyewe. Risten alijua jibu. Mama yake alikuwa akisema kulungu asiyeumwa na kitu hana mwenzake: mbu ndio wanaowafanya wawe kundi. Ukiwafukuza siku ya baridi, kila mmoja anakimbia na akili yake. Alijua yote hayo, na alikuwa amechoka mpaka kwenye mifupa.

"Rusha," akasema.

Kweli walikimbia. Wengine mashariki, wengine magharibi, na Muzet na mwanawe wakavuka kigongo cha mlima kwenda upande wa Ásllat, jirani ambaye Risten amekuwa akitaniana naye tangu wote wawili wana meno ya utotoni. Ánte alianza kuomba radhi. Risten akamwambia anyamaze, kidole kilichobonyeza ni cha Ánte lakini mdomo uliotoa amri ulikuwa wake yeye.

Halafu, kama kwa kejeli, joto likaja. Mbu wakajaa mpaka kahawa ikawa inachujwa kwa meno. Kulungu walipanda, watu wakafanya kazi, na uzi wa Risten ukapata vipande vichache. Muzet hakuwamo. Risten alikuwa anahesabu midomo ya ndama, hakuna mweupe, alipopigiwa simu na Ásllat.

"Mama Mbu, mzee wako mweusi amesimama kwenye theluji yangu. Njoo na kisu."

Aliparamia pikipiki ya magurudumu manne, ikazama kwenye tope la bwawa, akaiacha hapo na kupanda kwa miguu. Magoti yalilia, mbu walimvaa usoni kama ndevu. Alipokaribia kigongo, akahisi shavu limepoa. Upepo. Mbu wakapeperushwa wote kwa mara moja. Alisimama akautukana upepo ule kwa lugha ambayo haiendeshi basi la shule, kwa sababu alijua maana yake. Alipofika juu akaona ua uko wazi, na kundi zima linamiminika bondeni kutafuta chakula.

Ásllat alikuwa amekaa kwenye jiwe, anajifuta damu mikononi.

"Umewafungulia," Risten akasema.

"Upepo umewafungulia. Ningewazuia, wangekanyaga ndama. Wewe na mwendo wako wa konokono."

"Na wangu?"

Ásllat alitia mkono mfukoni, akatoa kipande kidogo cha sikio, chenye manyoya na bado laini. Akaeleza kwamba alimwangalia ndama ananyonya kwa Muzet kwanza, asije akakosea, kisha akakata alama ya Risten kama anavyoikumbuka. Mkato wa sikio la kushoto, akakiri, umeenda upande kidogo.

"Umeupinda?"

"Alirusha mateke. Damu ya mama yako, nimshike vipi?"

Risten alikigeuza kipande mkononi. Kiangazi kizima alikuwa amejiona akipiga goti mwenyewe, na kisu cha mama yake, akikata taratibu. Kisu kilikuwa kiunoni, safi. Alitamani kumrushia Ásllat jiwe. Badala yake alitoboa kipande kile, akakitunga kwenye uzi pamoja na vingine, akafunga fundo.

"Sikio lililopinda," akasema. "Kila mtu ataniuliza nilikuwa nimelewa nini."

Mbu mmoja, sijui alijificha wapi, akamng'ata shingoni. Risten alimpiga kofi la nguvu.

"Sasa ndio unakuja," akamwambia.