Harusi Iliyonyamazia Gesi

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa kofia ngumu, buti za mtu mwengine, na mzigo wa jiofoni begani. Shule niliishia njiani. Kazi hii nimejifunza kwa macho. Sikilizeni nyie mnaoomba kazi za gesi leo, maana mtadanganywa.

Jiofoni ni kidude chenye mwiba chini, unakichomeka ardhini. Gari zito linatikisa ardhi, mtetemo unashuka mpaka kwenye miamba, unarudi juu, kidude kinaupokea. Hapo wataalamu wanaona pahala gesi inapoweza kujificha. Lakini kinapokea kila kitu. Mtu akitwanga, watoto wakikimbia, kazi imeharibika.

Msimamizi wetu wa laini, yaani zile safu za jiofoni, alikuwa Mzee Hamadi wa Mgogoni. Ukimsema vibaya mbele yangu tutagombana, hata uwe ndugu yangu wa tumbo moja.

Tulipofika kijiji cha Msuka tukakuta harusi, Bi Mwanaidi anamuoza mjukuu wake. Mkuu wa kambi akasema kwenye redio, "Zimeni hiyo ngoma. Mashine inasikia harusi, haisikii gesi."

Mzee Hamadi hazimi ngoma ya mtu. Alikwenda, akavua buti mlangoni, akaomba.

Bi Mwanaidi akamtazama. "Tutanyamaza, Hamadi. Na nyie mkishasikia huko chini, mtatwambia?"

"Tutakwambieni, Bi. Iwepo, isiwepo."

Bibi harusi akatolewa bila ngoma wala kigelegele, kama anakwenda kuzikwa. Mji mzima kimya, kwa ahadi ile.

Laini zikamalizika. Mzee Hamadi akamwendea mkuu, anataka jibu la kupeleka Msuka. Akaambiwa ni siri ya kampuni. Akauliza tena, kesho yake hana kazi. Siri ya nani, na ardhi ni yao, na kimya ni chao? Sasa Msuka hapiti kwa haya, na wapuuzi wanamwita Hamadi Mwongo.

Juzi kampuni nyengine imeniita niwe msimamizi. Kazi ya kwanza, niende Msuka nikawaombe watu wanyamaze. Nikauliza, wale wa mwanzo walisikia nini? Wakacheka. Nikaiacha kofia mezani. Umri wa kustaafu bado, lakini gesi nimeistaafu.

Msuka nilikwenda, kwa miguu yangu, kumwambia Bi Mwanaidi ukweli: Hamadi aliuliza, na kuuliza ndiko kulikomfukuzisha. Nilimkuta anatwanga. Akanisogezea mchi wa pili. Gari la kutikisa ardhi la kampuni ile nyengine lilikuwa limeshaingia njiani. Nami, mwanamme mzima, nikatwanga.