Mkono Uliomchelewesha Bibi Harusi

Naona aibu kuieleza siku hii, lakini afadhali muisikie kwangu kuliko kwa wanakwaya wangu, ambao wamekwisha kuieneza kutoka Tumati hadi Masakta, tena kwa kuigiza.

Mimi ni mwalimu wa kwaya, na jambo nisilolivumilia ni kuchelewa. Wiki ya harusi ya Paskalina, mtoto wa dada yangu, niliwahutubia waimbaji kwa ukali: "Hakuna wimbo nje ya mkono wangu!" Wakaitikia, "Ndiyo, Mwalimu."

Tulipanga kurekodi ibada kwa kompyuta, nami niongoze nikiwa nimevaa hedifoni masikioni, nikisikia kinanda na waimbaji kupitia kompyuta hiyo. Asubuhi sauti ikawa inakwaruza. Nikafungua maelekezo (mimi ni msomaji, sibahatishi), nikakuta kwamba kompyuta huikusanya sauti kidogo kabla ya kuitoa, na ukiiongezea nafasi ya kukusanyia, mikwaruzo hukoma. Nikaongeza hadi mwisho, ikakoma, nikafunga ukurasa kwa kuridhika bila kusoma sentensi iliyofuata: kwamba kadiri inavyokusanya zaidi ndivyo sauti inavyozidi kuchelewa kukufikia.

Maharusi wakaingia, wakipiga hatua kwa mdundo wa wimbo wetu. Masikioni mwangu kinanda kikawa kinakuja nyuma ya mkono. Nikadhani Yohana, mpiga kinanda, anazembea, nikapunguza mwendo ili anifikie, naye, kwa kuwa hufuata mkono wangu, akapunguza, nikamsikia bado yuko nyuma, nikapunguza tena, akapunguza tena, na kwaya nzima (nidhamu niliyoipanda mwenyewe!) ikashuka pamoja nasi, ikivuta kila neno kama ng'ombe aliyegoma mlimani. Nilimkazia macho Yohana. Akasogeza midomo, kumbe anasema, "Nakufuata wewe, Mwalimu," lakini ningesikiaje, na masikio nimeyaziba?

Katikati ya kanisa Paskalina akabaki na mguu mmoja hewani, amemng'ang'ania bwana harusi asianguke. Ndipo mama mkwe wake akapaza sauti iliyopenya hata hedifoni:

"Jamani Mwalimu! Tumeleta harusi au jeneza?"

Kanisa zima likacheka, isipokuwa Paskalina. Machozi yalikuwa yamemjaa.

"Mjomba," akaniita, "nifikishe basi."

Nikavua hedifoni. Hapo ndipo niliposikia kwamba kinanda na kwaya vilikuwa pamoja kabisa, na aliyechelewa kanisani alikuwa mtu mmoja tu. Nikaanza upya, macho yangu yakiwa kwenye viatu vya bibi harusi, nikampigia mkono kwa hatua zake mpaka akafika madhabahuni.

Tangu siku ile kompyuta inarekodi tu. Masikio yangu nimeyarudisha kwa waimbaji, na sitayaziba tena mbele ya watu. Katika mazoezi yaliyofuata niliwaomba radhi, kisha nikainua mkono na kuagiza kwamba mwalimu akipotea, wasimfuate.

"Ndiyo, Mwalimu," wakaitikia wote kwa pamoja, kabla sijashusha mkono.