Ngoja Kwanza

Dada yangu ni mtunzi wa programu, na ulimi wake ni mkali kuliko wembe. Jioni hiyo alikuwa kwenye meza ya chakula nyumbani kwa baba, akiitukana kompyuta. Programu yake ya kujumlisha mizigo ya ghala ilikwenda vizuri kwa mizigo michache. Alipoipa mizigo ya ghala zima ikaanguka, ikaleta ujumbe kwamba rundo limefurika.

"Rundo gani?" nikauliza.

"La kazi viporo. Kila hatua inamuuliza mwenzake, 'Huko mbele jumla ngapi?' halafu inakaa inangoja jibu ndipo iongeze mzigo wake. Mwenzake naye anamuuliza mwingine. Wote wanangoja, kumbukumbu inajaa, kwisha habari."

Nikamtazama baba kwenye kochi lake. Ndiye pekee aliyekuwa na mama wodini dakika zake za mwisho, na tulichotaka kwake ni kimoja tu: mama alisema nini. Lakini akili ya baba inamtoka.

"Mama yenu aliniambia… ngoja kwanza, niwaeleze kuhusu yule nesi." Kutoka kwa nesi akaingia kwenye baiskeli ya nesi, kutoka kwenye baiskeli akaingia kwa fundi wake. Hakurudi. Harudi kamwe, na inaniuma.

Dada aliandika upya, akiziamuru zile hatua zake. "Ongeza kwanza, mkabidhi anayefuata jumla yote, kisha uage. Asibaki mtu akingoja." Ikaanguka tena, kwa sababu kujumlisha kumoja bado kulikuwa kukingoja jibu lirudi. Akakuhamishia kabla ya kukabidhi. Ghala zima likapita.

Nilipiga makofi. Yeye alifunga kompyuta, akavuta kiti mpaka kwenye magoti ya baba.

"Baba, mama yuko kitandani, umemshika mkono, anakuambia…"

"Nesi alikuja na baiskeli."

"Sawa. Mama kitandani, umemshika mkono, nesi kaja na baiskeli, mama anakuambia…"

Baba akautazama mkono wake. Nami, mjinga wa watu, nikaanza kutumaini.

"Mkono ulikuwa wa baridi," alisema. "Akaniambia…" Kisha akamuuliza dada kwa upole, "Mwanangu, huyo mama ni mama wa nani?"

"Mama yetu, baba. Mkeo."

"Ahaa!" Uso ukamchanua. "Sasa mnahangaika na mimi ya nini? Ngoja kwanza, nimwite, mumuulize mwenyewe."

Akageukia mlango wa chumbani, akamwita.